Wakili wa kesi za ndoa: aliyewahi kuwa hakimu au aliyetokea msaada wa kisheria?

Mwanamkwaju (#1)
Habari wakuu. Dada yangu yuko Dar, alifunga ndoa kanisani, wana watoto wawili, mume alishahama nyumbani. Ameamua kudai talaka na tumezunguka kutafuta wakili. Tumebaki na wawili.

Wa kwanza ni mtu mzima, zamani alikuwa hakimu, ofisi iko katikati ya mji na meza imejaa majalada. Hakumwacha dada amalize. Akauliza nyumba ina hati ya nani, viwanja viko wapi, gari lina kadi ya nani, halafu akataja gharama. Muda mfupi tukawa nje.

Wa pili ni mama wa makamo. Alianzia kazi kwenye shirika la msaada wa kisheria kwa wanawake kabla ya kufungua ofisi yake. Huyu alimsikiliza dada mpaka akalia na kunyamaza mwenyewe. Akauliza watoto wanasoma wapi, nani analipa ada, mume anatuma chochote? Mwishoni akauliza kama wamepita Baraza la Usuluhishi. Tulipojibu bado, alikataa kupokea pesa ya kesi. Alisema twende kwanza barazani kisha turudi.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka mkubwa anamtaka hakimu. Mimi namtaka mama. Naamini kwenye mambo ya familia, alikotoka wakili na anavyomchukulia mteja vina uzito kuliko ukubwa wa ofisi. Mliopitia huko mnasemaje?

Kiberenge cha Tabora (#2)
Kaka yako yuko sahihi. Aliyekaa kwenye kiti cha hakimu anajua hakimu anatafuta nini kwenye ushahidi. Kusikiliza machozi ni kazi ya mchungaji. Wakili analipwa kushinda kesi.

Dada Ilemela (#3)
Kiberenge, wa kwangu alikuwa wa aina hiyo hiyo, mali kwanza. Kesi ikafunguliwa mbio mbio bila cheti cha baraza. Upande wa pili wakaweka pingamizi na kesi ikaondolewa kabla sijasema neno. Ikabidi nirudi barazani kuanza upya, na pesa ya wakili haikurudi. Mwanamkwaju, mchukue mama kwa mikono miwili.

Msambaa Mtata (#4)
Nakaa hapa nasubiri wajuzi. Ila kwanza, si nasikia mawakili hawaruhusiwi mahakama ya mwanzo? Kesi nyingi za talaka zinaanzia huko. Sasa mnalipa wakili wa nini?

Wakili Porini (#5)
Wasalaam. Mimi ni wakili wa kujitegemea, niko Kanda ya Kati, kesi za ndoa na mirathi ndizo nyingi mezani kwangu. Nianze na la baraza maana ndilo linaloua kesi nyingi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza kufungua maombi ya talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106(2) kinataka cheti hicho kiambatane na maombi, na kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua. Ukikaa nacho kabatini mwaka mzima, kimeshapoteza kazi. Kuna hali ambazo mtu anaruhusiwa kuruka baraza: mwenza ametoroka na hajulikani alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa barazani akakataa kwa makusudi kwenda, ana ugonjwa wa akili usiopona, amefungwa maisha au miaka 5 na zaidi, au mahakama ione kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Kwa hiyo mama wa #1 amefuata utaratibu, na kukataa pesa kabla ya wakati wake ni heshima kwa mteja. Lakini yule mzee simlaumu kwa kuuliza mali. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, iangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto. Swali lake lilikuwa la lazima. Shida ni kwamba aliuliza hilo tu.

karani_mstaafu (#6)
Msambaa #4, hilo la mahakama ya mwanzo lilibadilishwa mwaka 2021. Mawakili wanaingia siku hizi.

Wakili Porini (#7)
Mzee wangu karani, niongeze kidogo. Wanaingia pale ambapo mahakama ya mwanzo inaendeshwa na hakimu mkazi. Sehemu isiyo na hakimu mkazi, utaratibu wa zamani unabaki. Na kwa kesi za ndoa mtu ana hiari: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na hata Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kuanza kuzisikiliza.

Msambaa Mtata (#8)
Shukrani. Nimejifunza.

Mbeya Baridi (#9)
Mnazunguka sana. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, mke anapata nusu. Iwe hakimu, iwe mama, wote watampatia nusu. Chagua wa bei nafuu.

Wakili Porini (#10)
Mbeya Baridi, hapo umepotosha, na wengi wanapotoka na wewe. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani, uliandikwa na Jaji Mkuu Nyalali. Ulichoweka ni kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, zinahesabika kama mchango katika kupata mali za ndoa. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wakipingana juu ya jambo hilo. Habari ya nusu kwa nusu haimo. Na Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu kwenye ile nyumba, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, yeye akaondoka mikono mitupu.

Mpaka leo mgawanyo unategemea ushahidi wa mchango. Anayesema "nilichangia" bila kuonyesha alichangia nini anaweza kupata kidogo sana.

Dada Ilemela (#11)
Sasa Wakili Porini si ndiyo umemtetea yule mama kabisa! Mchango wa kazi utaupataje bila kumsikiliza mtu? Mimi kwenye kesi ya pili nilipata wakili kijana, ndiyo kwanza ameapishwa, wala si maarufu. Alinikalisha akaniuliza siku yangu ilikuwaje tangu naamka. Nikamweleza nilivyokuwa nauza maandazi na vitenge, pesa ile ndiyo iliyokuwa inakula nyumbani ili mshahara wa mume uende kwenye matofali. Mimi mwenyewe sikujua kwamba huo ni mchango. Nilidhani mchango ni risiti ya saruji. Akatafuta jirani na mwanamke tuliyekuwa naye kwenye kikoba, wakaja kutoa ushahidi. Fungu langu lilitoka hapo.

Kiberenge cha Tabora (#12)
Dada Ilemela, nimekuelewa na nakuheshimu. Lakini niambie, wakati mama wa watu anasikiliza, na baraza linaita leo na kuahirisha kesho, mume akiuza nyumba je? Mimi nimeshuhudia kwa shangazi yangu. Wanarudi kutoka barazani wanakuta mtu mwingine anapaka rangi. Yule mzee aliyeuliza hati kwanza alikuwa anafikiria hilo. Huo ndio uzoefu.

karani_mstaafu (#13)
Hoja ya Kiberenge isipuuzwe. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa mwenzake haki ya kuweka zuio kwenye hati. Wakili anayejua kazi anafanya upekuzi wa hati na kuweka zuio mapema, hata kabla baraza halijamaliza. Hakuna kinachomzuia kufanya yote mawili. Mwanamkwaju, mama aliligusia hilo?

Mwanamkwaju (#14)
Hakuligusia, mzee. Tutamuuliza. Asante sana.

Kiberenge cha Tabora (#15)
Mmeona?

Dada Ilemela (#16)
Kiberenge unamtetea huyo hakimu utadhani ni baba mkwe wako.

Kiberenge cha Tabora (#17)
Baba mkwe wangu mvuvi wa Ziwa Tanganyika, akija mahakamani atatafuta nyavu. Tuendelee na mada.

karani_mstaafu (#18)
Nimekaa masjala miaka mingi, nimeona mawakili wa kila namna wakipita dirishani kwangu. Niseme juu ya hao waliowahi kuwa mahakimu. Wako waliobeba subira ya kiti. Hao ni hazina, maana alishaona mamia ya ndoa zikivunjika mbele yake na anajua jambo dogo linaloweza kumaliza shauri nje ya ukumbi. Wako pia waliozoea kuamuru. Mteja akieleza anakatwa, "jibu nilichokuuliza". Huyo amebadilisha joho, tabia imebaki ile ile.

Waliotokea msaada wa kisheria nao wana lao. Wanajua baraza, wanajua ofisi ya ustawi wa jamii, wanajua kuzungumza na mtu aliyepigwa jana. Baadhi yao nimewaona wakiyumba pale shauri linapokuwa na kampuni, hisa na mikopo ya benki.

Mimi nilikuwa nawapima kwa siku ya kesi kutajwa. Wakili makini anafika mwenyewe au anamweleza mteja mapema kwamba atatuma mwenzake. Asiye makini, mteja anatoka Kibaha alfajiri, anafika anakuta kijana asiyelijua hata jina lake anaomba tarehe nyingine. Halafu kuna hili la watoto. Wakili wa familia aliyekomaa hatakubali mteja alete watoto kukaa kwenye benchi la ukumbini wakiwatazama wazazi wao wanatukanana. Anawaleta pale tu mahakama inapowahitaji.

Chuma cha Doleni (#19)
Wanaume nao wanapita humo jamani. Mke wangu ndiye aliyefungua kesi. Mimi nilikuwa na hasira, nikasema sitoi hata senti mpaka mahakama iseme. Wakili wangu, mama mmoja aliyewahi kuwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya kusomea sheria, alinikalisha chini akaniambia: ada lipa wewe mwenyewe moja kwa moja shuleni, chakula tuma kwa simu, tunza kila ujumbe. Nilikasirika, nikaona amehongwa na upande wa pili. Lilipokuja suala la matunzo, zile kumbukumbu zilinisimamia. Nilionekana baba. Na watoto wangu bado wananipigia kila jioni. Wakili wa kunichochea angenipotezea watoto.

Mbeya Baridi (#20)
Chuma, umenigusa. Nafuta kauli yangu ya bei nafuu.

Mjomba Kisauni (#21)
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo, nisije nikawachanganya. Tuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 na Sheria ya Ndoa ya 2014. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema waume na wake wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Watu wakaichukua hiyo kuwa nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema la, kila mtu athibitishe alichochangia. Kwa hiyo maneno ya Wakili Porini #10 na yetu yanafanana.

Tena korti zetu zina upatanishi ulioanzia Milimani, Nairobi, mwaka 2016, ukianzia kitengo cha familia na kile cha biashara. Mawakili wa zamani wengine hawakuupenda. Aliyezoea kupambana anaona upatanishi unamnyang'anya kazi. Mimi wakili wangu nilimuuliza swali moja tu, ni kesi ngapi amemaliza bila hukumu. Akacheka, akanitajia nyingi. Nikampa kazi.

Bi Nasra wa Ng'ambo (#22)
Assalaam alaykum. Wa Zanzibar msisahau kwamba hiyo sheria ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Kwetu Waislamu ndoa, talaka na malezi yanakwenda Mahakama ya Kadhi, kwa sheria iliyotungwa upya 2017. Nimeona watu wanaleta wakili kutoka Dar, mtu mzito, Kiingereza kingi, lakini ukimwuliza khului (mke kujikomboa kwa kurudisha mahari) na faskhi (kadhi kuivunja ndoa) zinatofautiana vipi anababaika. Hapo historia ya wakili ina maana kabisa. Niliyemwamini mimi alisoma chuo cha Kiislamu kabla ya kusoma sheria, na akimzungumzia mume wangu hakumwita jina baya hata mara moja.

Msambaa Mtata (#23)
Na Waislamu wa Bara? Mume akitamka talaka ndiyo imekwisha?

Wakili Porini (#24)
Kidini ana kauli yake, kisheria bado. Kifungu cha 107(3) kinataka baraza liwe limeshindwa kuwapatanisha kwanza, kisha mmoja wao afanye jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa. Hapo mahakama inatoa amri ya talaka. Wengi wanatamka kwanza, baraza baadaye, halafu wanashangaa kesi inasumbua.

Mti Mkavu (#25)
Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kata. Kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hatusimami mahakamani, na huduma yetu haina malipo. Lakini wengi mnaowaita mawakili huko mitaani ni vishoka. Ana koti jeusi, ana muhuri, anakaa chini ya mwarobaini jirani na mahakama. Kabla ya kujadili alikuwa hakimu au la, hakikisheni ni wakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaandika jina unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu, maana leseni inahuishwa kila mwaka. Kuwa na shahada ya sheria hakumfanyi mtu wakili. Lazima apite Shule ya Sheria kwa vitendo, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008, au awe ni wa utaratibu wa kabla ya hapo, kisha aapishwe na Jaji Mkuu.

Asiye na uwezo asikate tamaa, WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wapo kwa ajili ya wanawake, na kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia tangu 2023.

Mwanamkwaju (#26)
Mti Mkavu, nimewaangalia wote wawili sasa hivi. Wapo na wanaruhusiwa. Ubarikiwe.

Mbeya Baridi (#27)
Kwa Dar si kesi hizi zinakwenda Temeke?

karani_mstaafu (#28)
Ndiyo, Kituo Jumuishi cha Temeke, kilianza 2021 kwa mirathi, ndoa na watoto. Kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko pale pale. Kwa hiyo, Mwanamkwaju, muulize wakili yeyote kama amezoea kufanya kazi pale. Na omba nakala ya kila kinachofunguliwa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hakuna sababu ya mteja kusaini karatasi asiyoielewa.

Msambaa Mtata (#29)
Swali langu la mwisho. Mimi naishi na mwenzangu miaka mitatu, kwao hawajanijua. Miaka miwili si tayari ni ndoa?

Dada Ilemela (#30)
Msambaa, peleka mahari. Usitafute kifungu.

Wakili Porini (#31)
Hahaha. Kifungu cha 160 kinasema waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi hadi jamii ikawaona mume na mke, inachukuliwa kuwa wameoana, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ikipingwa, mahakama bado inaweza kutoa amri ya matunzo na nafuu nyingine. Kwao hawakujui, majirani wanakujua kama nani? Hapo ndipo kesi yako ilipo. Ila ushauri wa Dada Ilemela ni mzuri kuliko wangu.

Kiberenge cha Tabora (#32)
Nirudi kwenye mada. Nimesoma yote. Bado nasema aliyewahi kuwa hakimu. Ustaarabu unafundishika, jicho la kupima ushahidi halifundishiki haraka.

Chuma cha Doleni (#33)
Mimi naona kinyume. Jicho la ushahidi linafundishwa Shule ya Sheria. Kumtuliza mtu mwenye hasira kama mimi siku ile, sijui linafundishwa wapi.

Nipo Muscat (#34)
Wakuu naomba kuingilia. Mke wangu yuko Tanga na watoto, mmoja miaka 5 mwingine 9. Ameniambia ataomba talaka. Mimi sirudi karibuni. Nikichukua wakili bila kuonana naye uso kwa uso inawezekana? Na watoto wataenda kwa nani?

Wakili Porini (#35)
Inawezekana. Hati ya kiapo unaweza kuapa ubalozini hapo hapo Muscat. Jua kwamba kwa kuwa uko nje, mkeo anaweza kuruhusiwa kufungua bila kupitia baraza, kwa hiyo usikae ukisubiri wito wa baraza. Kuhusu watoto, kinachoangaliwa kwanza ni ustawi wao. Kifungu cha 125 kina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, lakini inaweza kupingwa kwa sababu nzito. Yule wa miaka 9 matakwa yake yanaweza kusikilizwa. Tafuta wakili atakayekubali kuzungumza nawe kwa video kabla ya kuandika chochote. Anayetaka pesa kabla ya kukusikia mwache.

Bi Nasra wa Ng'ambo (#36)
Na wakati unatafuta wakili, wapigie wanao. Wasisikie habari hii kwa watu.

Nipo Muscat (#37)
Sawa Bi Nasra. Saa hizi wako madrasa, nitawapigia magharibi.